Kitako na Mdomo: Kuisoma Bunduki ya Gumegume

Bunduki ya kale haitundikwi ukutani ovyo. Iwe ni katika vyumba vya silaha vya Metropolitan Museum kule New York, katika Royal Armouries ya Leeds, au sebuleni kwa mkusanyaji binafsi, mara nyingi utaikuta imekaa kwa namna ileile: ubavu wa kulia unamtazama mgeni, kitako kiko kushoto, mdomo uko kulia. Sababu ni ya kifundi. Mtambo umefungwa ubavu wa kulia, na hapo ndipo fundi alipomwaga ujuzi wake. Lakini mkao huo unaigeuza bunduki kuwa mstari wa maandishi. Jicho lililozoea herufi za Kirumi linaanzia kushoto, kwenye mti uliong'arishwa, linapita kwenye mtambo, linateleza juu ya chuma kirefu, linafika mwisho. Na neno la mwisho la mstari huo ni tundu.

Watu humshangaa mkusanyaji wa bunduki za kale. Ana kitu asichokitumia, anakipaka mafuta, anakifungia kabatini, na akipata mgeni anayesikiliza atakisimulia mpaka chai ipoe. Akiulizwa anapendea nini, atajibu: historia, ufundi, mali isiyooza. Majibu hayo ni ya kweli, ila yanaizunguka bunduki bila kuigusa. Barua ya zamani nayo ina historia, saa ya mkono ina ufundi, shamba ni mali. Jibu nalitafuta katika umbo lenyewe, kwa kulisoma kama tunavyosoma shairi: linaanzaje, linapumua wapi, linasema na nani. Hoja yangu ni kwamba bunduki ya kale ni matini yenye wasomaji wawili, mmoja katika kila ncha, na uzuri wake karibu wote umeandikwa kwa ajili ya mmoja wao. Mkusanyaji anaponunua bunduki, ananunua kiti cha msomaji huyo.

Mfano wangu ni bunduki ya gumegume, ambayo mafundi wa Ufaransa waliikamilisha mwanzoni mwa karne ya 17 na ambayo ilitawala vita na uwindaji kwa takriban miaka 200. Jina letu limetoka kwenye jiwe: gumegume ni lile jiwe gumu linalotoa cheche likikwaruzwa. Mtaani siku hizi mwanamume akiitwa gumegume amedharauliwa, hana faida. Tuliache tusi, turudi kwenye jiwe.

Jiwe limebanwa katika taya za nyundo na kuvikwa kipande cha ngozi ili lisiteleze. Mbele yake limesimama bamba la chuma cha pua, na sehemu ya chini ya bamba hilo ndiyo kifuniko cha kifa, yaani kisahani kidogo cha baruti ya kuwashia. Ivute nyundo hatua moja, inatulia mahali pa salama. Ivute hatua ya pili, inangoja. Kifyatulio kikibanwa, jiwe linakwaruza bamba na kulisukuma mbele, kifa kinafunuka, cheche zinadondoka ndani, baruti inawaka, na moto unapenya katika kitobo chembamba ubavuni mwa kasiba, yaani bomba la bunduki, kuitafuta baruti kubwa iliyoshindiliwa kwa ufito uitwao mdeki. Pigo moja limefanya kazi mbili: limewasha na limefunua. Mshairi anayehangaika kutafuta neno moja libebe maana mbili atamwelewa fundi huyu mara moja.

Katika kile kitobo ndimo ilimo mizani ya bunduki hii. Milio yake ni miwili. Kwanza baruti ya kifa inawaka kwa sauti ya kupuliza, kisha, baada ya kitambo kifupi ambacho sikio zuri hukinasa, kasiba inanguruma. Huu ni mshororo wenye ukwapi na utao, na katikati yake pana pumzi. Mchungaji Alexander John Forsyth wa Scotland, mpenzi wa kuwinda ndege, alikerwa sana na pumzi hiyo. Ndege waliuona mwako wa kifa wakaruka kabla risasi haijawafikia. Kwa lugha yetu ya uhakiki, waliusoma ukwapi wakaubashiri utao. Mwaka 1807 Forsyth akapata hataza ya kuwasha baruti kwa kemikali inayolipuka inapogongwa, na wazo hilo ndilo lililozaa bunduki za fataki. Fataki iliibana pumzi ile hadi ikakaribia kutoweka. Baadaye baruti, fataki na risasi vikafungwa pamoja ndani ya ganda moja, mdeki ukakosa kazi, na mtambo ukaingia ndani ya mwili wa bunduki, mahali ambapo jicho halifiki.

Mkusanyaji anakipenda kile alichokichukia Forsyth. Katika gumegume kila tendo liko nje, linaonekana, lina wakati wake: kumimina, kushindilia, kufunika, kuvuta, kungoja. Askari aliyefunzwa vizuri aliweza kupiga mara tatu hivi kwa dakika, maana yake sehemu kubwa ya dakika hiyo ilikuwa ya maandalizi, na umbo lote la bunduki limejengwa kuyahudumia maandalizi hayo. Bunduki ya leo haikuonyeshi kitu, unaiamini tu. Hii ya kale inakufundisha namna inavyofanya kazi kadiri unavyoitazama, na mtu aliyeielewa hujiona ameshiriki katika kuiunda. Hiyo ndiyo raha ya kwanza ya mkusanyaji, nayo ni raha ya msomaji hasa, mithili ya mtu aliyekariri kanuni za bahari fulani ya ushairi na sasa anasikia kila silabi inapokanyaga.

Raha ya pili ni ya herufi. Chukua bunduki ya askari wa Uingereza ya mtindo ulioitwa India Pattern, iliyoenea jeshini katika vita dhidi ya Napoleon. Kasiba yake ina urefu wa takriban sentimita 99, na upana wa ndani ni kama milimita 19. Kwenye bamba la mtambo kumechorwa taji, chini yake herufi GR za Mfalme George, na nyuma yake neno TOWER, ishara ya ghala la silaha la Mnara wa London. Kwenye kasiba kuna alama za jaribio, zilizogongwa baada ya chuma kushindiliwa baruti kupita kiasi na kustahimili bila kupasuka. Mji wa Birmingham, uliotengeneza bunduki kwa maelfu, ulipewa nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya mwaka 1813, na tangu hapo alama zake nazo ni lahaja ambayo mkusanyaji hujifunza kuisoma kwa kioo cha kukuza.

Maandishi mengine hayakuandikwa kwa kukusudia. Fataki zilipoingia, bunduki nyingi za gumegume hazikutupwa, zilihaririwa. Kifa kiliondolewa, bamba la chuma cha pua likang'olewa, matundu ya skrubu yakazibwa, nyundo mpya ikapachikwa. Mkusanyaji mzoefu hupitisha ukucha juu ya bamba la mtambo akitafuta matundu yaliyozibwa, kama mhariri wa miswada anavyolitafuta neno lililofutwa chini ya neno jipya. Wapo pia walioirudisha fataki kuwa gumegume ili kupandisha bei, na hapo msomaji hulazimika kutambua toleo linalojidai kuwa la kwanza. Ndiyo maana kanuni kuu ya wakusanyaji ni kutosugua. Ile rangi ya kahawia iliyotulia juu ya chuma kwa vizazi ni ushahidi, na mtu anayeing'arisha bunduki ya babu kwa msasa amefuta kurasa akidhani amefuta vumbi.

Matini nyingine zina waandishi wengi tangu mwanzo. Waomani walikuwa na bunduki ndefu nyembamba waliyoiita abu fitila, na Mswahili hapo hahitaji mkalimani, kwani ni fitila hiihii ya taa: baruti iliwashwa kwa utambi unaofuka moto. Mara nyingi kasiba yake ilitoka Uajemi au Uturuki, ikavishwa mti na mafundi wa Oman, ikafungwa kwa pete za fedha. Ukiisoma kutoka kitakoni hadi mdomoni umevuka bahari na kurudi.

Mkusanyaji naye huongeza maneno yake. Louis wa 13, mfalme wa Ufaransa, alikuwa mpenzi mkubwa wa bunduki, na hazina yake ya silaha iliorodheshwa, kila kipande kikagongwa namba kwenye mti. Hazina ile ilitawanyika, lakini namba hazikufutika. Bunduki yake moja ya mwaka 1620 hivi, miongoni mwa gumegume za mwanzo kabisa zinazojulikana, sasa iko Metropolitan Museum. Namba hizo zilizoharibu mti ndizo leo zinazoupa mti thamani. Jeraha la orodha limekuwa pambo.

Mpaka hapa nimesoma kama mkusanyaji, na nakiri nimefurahia. Sasa tuuulize mstari huu swali ambalo mhakiki huuliza kila matini: unasema na nani?

Tazama mapambo yalipokaa. Katika bunduki za waungwana wa Ulaya ya karne ya 18, juu ya shingo ya mti, nyuma tu ya kasiba, huwa kuna kibamba cha fedha chenye herufi za jina la mwenye mali au nembo ya ukoo wake. Kipo mahali ambapo kidole gumba hulala bunduki inaposhikwa. Kitako kimefungwa bamba la shaba au fedha, na ni bega la mwenyewe linaloligusa. Bastola za farasi nyingi zina kofia ya fedha mwishoni mwa mpini yenye sura ya kinyago, na bastola ikiwa ndani ya ala mbele ya tandiko, kinyago humkodolea macho mpandaji wake. Nakshi za majani na wanyama zimejaa kwenye mtambo, sentimita chache kutoka kwenye shavu la mpigaji. Kadiri unavyoelekea kulia, maneno yanapungua. Kasiba inabaki chuma kitupu, na mdomo hauna chochote.

Mtu atasema bunduki ya askari wa kawaida haina fedha wala kinyago, kwa hiyo hoja yangu ni ya matajiri tu. Lakini taji na neno TOWER vimechorwa mahali palepale panapochorwa nakshi za tajiri. Mwenye mali hapo ni mfalme, na askari ameazimwa. Anwani ya barua haijabadilika, aliyebadilika ni jina lililoandikwa juu yake.

Kuna pingamizi zito zaidi. Kasiba nyingi za India zina mdomo uliochongwa kichwa cha chui milia au cha joka. Mizinga ya shaba ya Tipu Sultan wa Mysore, aliyeuawa mwaka 1799 akipigana na Waingereza, nayo ilichongwa midomo ya chui milia, mnyama aliyekuwa alama yake. Hapa pambo limesafiri hadi mwisho wa mstari. Lakini litazame vizuri. Nyuma pana majani, maua, jina la Mungu na jina la mfalme, mbele pana meno. Mara chache fundi anapomkumbuka msomaji wa upande wa pili, humwandikia neno moja, nalo ni tishio. Pingamizi hili linaithibitisha hoja kuliko nilivyoweza kuithibitisha mwenyewe.

Je, msomaji wa pili aliwahi kuandika uhakiki wake? Upande wetu huu wa dunia, uhakiki mmoja umebaki ndani ya jina la mtu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyevuka Tanganyika na kuingia Kongo na misafara yenye bunduki, aliacha simulizi ya maisha yake kwa Kiswahili. Humo anaeleza alivyopata jina la Tippu Tip: watu waliokuwa wakikimbia baada ya vita vyake na mtawala Nsama walilitoa katika mlio wa bunduki zake, mlio ambao masikio yao hayakuuvumilia. Zipo simulizi nyingine za jina hilo, lakini hii ndiyo aliyoichagua mwenyewe, na aliisimulia kwa majivuno.

Lisome jina hilo kama uhakiki wa umbo. Watu wale hawakuona kibamba cha fedha. Hawakuona mtambo, wala taji, wala alama za jaribio. Wao walikuwa upande wa tundu, na upande huo bunduki haina picha, ina sauti tu. Basi wakaichukua sauti, wakaigawa katika mapigo mawili, wakaifanya jina. Ni ufupisho ambao malenga yeyote angeuonea wivu. Kisha jina likavuka kutoka mdomoni hadi kitakoni: aliyepiga akaliokota neno la waliopigwa, akalivaa kama pambo. Kilio cha mmoja kikawa nakshi ya mwingine.

Sheria nazo ni wasomaji wa umbo, na usomaji wao unategemea walikosimama. Mwaka 1890, katika Mkataba wa Brussels, mataifa yaliyotia saini, Zanzibar ikiwa mojawapo, yalizuia kuingizwa kwa bunduki, hasa za kisasa, katika Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Sababu iliyotajwa ni kupambana na biashara ya watumwa. Lakini mlango mmoja uliachwa wazi kwa masharti: gumegume zenye kasiba laini isiyo na michirizi ndani, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuuzwa. Wakati huo majeshi ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kuiacha gumegume kwa miongo mingi. Mkataba uliutazama mtambo, ukausoma kuwa duni vya kutosha kumfaa Mwafrika.

Miaka 78 baadaye mtambo uleule ukasomwa upya. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 iliiweka silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake katika kundi la vitu vya kale, na sheria ya Uingereza ya mwaka huohuo ikaruhusu silaha ya kale kuwekwa nyumbani bila kibali, madhali imewekwa kama kitu cha ajabu au pambo. Pambo! Neno hilo la kisheria ndilo linaloufungua mlango wa mkusanyaji. Linamwambia kwamba ncha ya kulia ya mstari imekwisha kusema, sasa anaweza kuisoma ncha ya kushoto kwa amani.

Kwetu mstari haujafika mwisho. Neno la Tanzania kwa bunduki ya kushindilia kupitia mdomoni ni gobori, na gobori halina harufu ya makumbusho. Lina harufu ya ujangili, ya uvamizi wa usiku, ya fundi wa kijijini aliyelitengeneza kwa bomba la maji. Picha zake tunazijua: yamelazwa chini mbele ya kituo cha polisi, yamepangwa kwa safu baada ya kusalimishwa au kukamatwa, ofisa akieleza idadi mbele ya waandishi. Weka picha hiyo kando ya picha ya kabati la Leeds. Vitu ni ndugu, mti na chuma na tundu, lakini mpangilio wa kwanza unasema ushahidi na wa pili unasema urithi. Hakuna kilichobadilika katika namna ya kuwasha baruti. Kilichobadilika ni umbali kati ya mtazamaji na mtu wa mwisho aliyesimama mbele ya mdomo.

Umbali huo ndio moyo wa mvuto wote. Raha ya taratibu za wazi, raha ya herufi na makovu, raha ya kushika alichoshika mfalme, zote zinahitaji ncha moja inyamaze. Simlaumu mkusanyaji kwa hilo. Bila yeye makovu yangesuguliwa, matundu yaliyozibwa yasingetambuliwa, na bunduki nyingi zingeyeyushwa pamoja na ushahidi wake. Yeye ndiye mtunza maktaba. Namlaumu kwa jambo moja tu, kusoma nusu ya mstari na kuuita shairi zima.

Ukipata nafasi mbele ya kabati lenye gumegume, isome kwanza kama ilivyowekwa, kutoka kushoto, na usione haya kuipenda. Weka jicho mahali ambapo gumba la mwenyewe lililala, juu ya kile kibamba cha fedha chenye jina. Kisha tembea polepole kuelekea kulia mpaka kabati linapoishia, uiname, uitazame kutoka mbele. Mti umetoweka, mtambo umetoweka, jina halionekani. Kimebaki kiduara cheusi, upana wa kidole gumba.